Imeokolewa na Mhifadhi

"Mtunzi hajulikani," alisema yule bwana kwenye kipaza sauti, "lakini ukisikiliza mapigo yake, mkono ni wa kiume kabisa. Hebu sikilizeni besi hii."

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Sikumbuki kuamua kusimama. Kiti cha plastiki kilinasa kwenye marinda ya gauni langu, gauni la harusini, nililolivaa nikijua naenda kusikia dada yangu akitajwa mbele za watu. Kikaning'inia nyuma yangu kidogo, halafu kikaanguka kwa kishindo. Watu arobaini hivi waligeuka kunitazama.

"Anajulikana," nikasema.

"Samahani, mama?"

"Mtunzi. Anajulikana. Mimi namjua tangu nazaliwa."

Wakacheka. Si kicheko kibaya, nakiri. Walidhani natania, na ukumbi ulikuwa na joto, na mtu aliyekaa tangu saa nane anasikiliza kompyuta zikiimba hukitafuta kicheko popote. Lakini kilinichoma. Miaka minne imepita sasa, na watu wa nyumbani huniambia hasira hasara, niache. Siachi. Kazi yangu ni kusaga vioo vya miwani katika karakana ya daktari wa macho, kazi inayotaka mkono uliotulia, na mpaka leo nikikumbuka kicheko kile nikiwa mezani, inabidi nizime mashine kwanza. Kwa hiyo nieleze kwa utaratibu, mtu asije akasema nilikwenda pale kufanya fujo.

Dada yangu amenipita miaka minane. Ujanani alikuwa mwalimu wa kupiga chapa katika chuo cha makatibu, chumba kimoja kirefu chenye taipureta ishirini na nne zilizokuwa zikilia kwa pamoja tangu saa mbili asubuhi. Alizunguka nyuma ya wanafunzi na rula mkononi, akigonga meza ili vidole vyao viende sawa. Nadhani ndiko mapigo yalikomwingilia, ingawa akiambiwa hivyo huguna tu.

Kompyuta aliipata kwa fundi wa televisheni aliyeshindwa kuiuza. Ilikuwa kibodi nene ya rangi ya maziwa, mashine yote imo humo humo ndani, na tundu la disketi ubavuni; unaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni na mama yako anakosa taarifa ya habari. Ilikuja na disketi moja yenye programu ambayo fundi hakujua ni ya nini. Ilikuwa treka, ya kutungia muziki.

Asiyewahi kuiona treka asidhani ni kinanda. Hakuna picha ya ala yoyote, wala zile nota za kwenye vitabu vya kwaya. Kuna safu nne za herufi na tarakimu zinazopanda kwenye kioo, na kila safu hubeba sauti moja tu kwa wakati mmoja. Sauti mpya ikiingia, ya zamani hukatwa hapo hapo. Unaandika: mstari huu, sauti namba tatu, nota fulani, nguvu kiasi hiki. Mstari unaofuata, kitu kingine, au kimya. Ukishaujaza ukurasa unaiamuru ianze, mistari inakimbia kwenda juu na sebule inajaa muziki. Kwa mwanamke aliyepiga chapa maneno themanini kwa dakika, ilikuwa kama kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake. Alikaa mbele yake siku nzima ya Jumamosi, kanga imefungwa kiunoni, na mtu akimsemesha anainua kidole bila kugeuka.

Sauti zenyewe ziliitwa sampuli. Ulizinasa mwenyewe kwa maikrofoni, au ulizichukua kwenye wimbo wa mwenzako. Treka ilikuwa na nafasi thelathini na moja za sampuli, na kila nafasi ilikuwa na mstari wa kuandikia jina: ngoma, besi, filimbi. Lakini watunzi hawakuandika hivyo. Ilikuwa desturi yao, wote, popote walipokuwa, kwamba mistari ile ni ya kusema la moyoni. Waliandika salamu, vijembe, anwani za posta, malalamiko ya mapenzi, jina la mtu aliyewaibia sampuli. Ukipata wimbo ulisoma kwanza, ukasikiliza baadaye. Dada aliweza kukaa nusu saa akicheka na mistari ya mtu ambaye hata sura yake hakuijua.

Disketi zilisafiri kwa posta, zimebanwa katikati ya kadibodi mbili ili karani asizikunje. Yeye alijiita Nukta, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na jina la kujibandika, na majibu yalirudi yameandikwa Kaka Nukta, Bwana Nukta, Jamaa Nukta. Mara moja ilikuja barua kwamba wimbo wake umeshika nafasi ya pili katika mashindano, wimbo wa dakika tatu ambao niliujua mpaka usingizini, kwa sababu alikuwa ameupiga mbele yangu mara elfu. Barua ilianza: Hongera, bwana.

"Waandikie," nikamwambia. "Waambie wewe ni mwanamke."

"Ili iweje?"

"Wajue!"

"Wakijua wataanza kunisifu kwa kunionea huruma," alisema. "Sasa hivi wananisifu kwa kuniogopa. Na mwenye kutaka kujua asome. Nimeandika humo kwenye mistari."

Alicheka, akairudisha barua kwenye bahasha. Mimi sikucheka. Katika nyumba yetu hasira zote niligawiwa mimi, na yeye akapewa subira, na tukakua hivyo. Ile mistari yake thelathini na moja sikuwahi kuisoma. Nilipokaribia alikuwa akifunika kioo kwa mkono na kunifukuza, nami nikajiambia ipo tu, nitaisoma siku yoyote.

Kompyuta ilikufa siku moja umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika. Hakuna fundi aliyeiweza. Baadaye akaolewa, wakaja watoto, chuo kikafungwa kwa sababu hakuna tena aliyetaka taipureta, na dada akaajiriwa kwenye kitengo cha kufulia cha hospitali, ambako leo ni msimamizi. Disketi zilibaki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama.

Hapa nafika mahali pasiponipendeza. Mama alipofariki, nyumba ilibidi ikabidhiwe, na chumba chake nilikitoa vitu mimi. Dada alikuwa amesafiri kumuuguza mkwewe. Wiki ile ile alikuja karakana bwana mmoja mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, anataka miwani ya kusomea. Nikampima, akawa anaongea. Alisema anakusanya muziki wa kompyuta za zamani za majumbani, na marafiki zake wanamwita Mhifadhi.

"Disketi zinaoza, dada yangu," aliniambia. "Ukungu unazila zikiwa masandukuni kwa watu. Kila mwaka tunapoteza nyimbo, na hakuna anayelia."

Maneno yake yaliniingia. Nilikuwa na msiba, na mtu akizungumzia vitu vinavyooza mwenye msiba husikiliza. Nikampa sanduku zima, disketi sitini na mbili. Nikamwambia: ni za dada yangu, ukishazisikiliza mtafute, namba yake hii hapa. Sikumuuliza dada. Nilijiambia kwamba nitamfanyia jambo la kumshangaza, kwamba siku moja simu italia na mtu ataomba kuzungumza na Nukta.

Simu haikulia. Dada aliporudi akauliza sanduku la bati la chini ya kitanda liko wapi, nami nikamwambia tulikuta mchwa wameingia. Akasema basi, mchwa nao wana haja zao. Mchwa kwenye sanduku la bati! Hata mtoto angeuliza. Yeye hakuuliza, na kwa miaka sita nilibaki na uongo ule kooni.

Kwa hiyo karatasi ya tangazo ilipobandikwa kwenye mlango wetu wa karakana, Alasiri ya Kusikiliza Muziki wa Kompyuta za Kale, mwenyeji Mhifadhi, niliona Mungu amenifungulia njia. Ningekwenda kwanza peke yangu. Ningesikia jina lake likitajwa, halafu ningemfuata kazini nimwambie yote kwa mpigo, kosa na malipo yake pamoja. Ndiyo sababu ya gauni.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na harufu ya rangi ilipanda mpaka kwenye viti. Haki yake nampa: mahali palipendeza. Kompyuta tisa zilikuwa zimepangwa juu ya meza zilizofunikwa vitambaa, zimesuguliwa mpaka vitufe vinang'aa, na televisheni za matumbo makubwa nyuma yake. Disketi zilikuwa zimesimama kwenye visanduku kwa alfabeti. Alipoipachika ya kwanza na ile sauti ya kukwaruza ikasikika, tundu likitafuta mahali pa kuanzia, nilihisi nina miaka kumi na sita. Watu walisikiliza kwa adabu. Walifumba macho, walitingisha magoti. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, fundi wa simu aliyestaafu, alikuwa akinong'ona majina ya watunzi kabla hayajatajwa, na kila mara alipatia.

Wimbo wa kumi na saba ukaanza, na ulikuwa wake.

Niliutambua kabla haujafika mstari wa nne. Nikajisawazisha kitini kama bi harusi. Ukutani, kwa projekta, ilionekana orodha ya sampuli, kubwa, ya kusomeka na kila mtu, na nikainua macho nisome hatimaye maneno ya dada yangu. Yalikuwa haya: NGOMA 1. NGOMA 2. BESI. BESI NZITO. CHUMA. Na juu kabisa, kwenye mstari wa kwanza: IMEOKOLEWA NA MHIFADHI.

Hapo ndipo akasema mtunzi hajulikani na mkono ni wa kiume, na mimi nikasimama na kiti.

Kicheko kilipotulia nilimkumbusha: karakana ya miwani, sanduku la bati, miaka sita iliyopita. Uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli.

"Aa, mama wa miwani! Ndugu zangu, huyu ndiye aliyetupa lile sanduku kubwa. Mpigieni makofi."

Wakapiga makofi. Wangenipiga mawe ningeumia kidogo zaidi tu.

"Nilikwambia ni za dada yangu," nikasema. "Nilikupa na namba yake."

"Ulinipa, ni kweli. Lakini mama, mimi nilidhani dada yako alikuwa mkusanyaji. Kama sisi hapa."

"Kwa nini ulidhani hivyo?"

Aliangalia kompyuta yake kama inaweza kumsaidia.

"Na maneno yake yako wapi?" nikauliza. "Humo palikuwa na mistari imeandikwa."

"Yale? Niliyasafisha." Alilisema kwa fahari, na hilo ndilo lisilonitoka. "Nyimbo zote, zaidi ya mia tatu. Mtu anatafuta besi, anakutana na salamu za watu na mambo yasiyohusu. Orodha yangu ilikuwa haipangiki. Sasa kila sampuli ina jina linaloeleweka."

"Umefuta maandishi?" Huyo alikuwa fundi wa simu wa mstari wa mbele. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Nimeyasafisha, mzee."

"Na disketi zenyewe? Za mwanzo?"

"Disketi nzima siku hizi hazipatikani, nanyi mnajua. Nilizitumia tena."

Ukumbi ukaguna. Ni watu wenye desturi zao, na nadhani wengi wao hawakuwahi kumuuliza. Walipokea nyimbo kwake zikiwa safi, wakadhani zilikuja zikiwa hivyo. Mimi nilikuwa nimepandwa na mori mpaka masikio yanavuma. Nikamwambia kwamba amechukua barua ya mtu, akafuta wino, halafu amesimama mchana kweupe anatamba kuwa ameiokoa karatasi. Nikamwambia hata mwizi huwa na aibu ya kutoandika jina lake kwenye mlango alioubomoa. Nilisema na mengine, ambayo mwenye gauni la harusini hapaswi kuyasema.

Alinisubiri nimalize. Alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ilizidi kunitia wazimu.

"Mama, uchungu wako nauelewa," alisema. "Lakini mimi ninatunza kumbukumbu. Siwezi kuandika jina kwa sababu mtu amesimama akasema ni la ndugu yake. Leo wewe, kesho mwingine. Una ushahidi wowote?"

Ushahidi wenyewe alikuwa ameufuta kwa vidole vyake! Nilimtazama, nikatazama ukutani, na macho yangu yakatua kwenye neno CHUMA.

"Sampuli ya sita," nikasema. "Itoe kwenye wimbo. Ipige peke yake, mpaka mwisho wake."

"Ni mlio wa chuma tu. Nimeusikia mara mia."

"Umesikia mwanzo wake. Kwenye wimbo pigo linalofuata linaukata. Wewe ipige yote."

Mlio ule ulinaswa jikoni kwetu, Jumamosi moja. Dada alikuwa amejaribu nyundo, amejaribu ndoo, hakuna kilichomridhisha, mpaka alipokiona kifuniko cha sufuria kubwa ya mama. Mimi nilikishika kwa kamba ili kisizibe mlio, yeye akakigonga kwa kijiko cha chai, na maikrofoni ilikuwa ya simu mbovu, imefungwa kwa utepe wa gundi kwenye mguu wa meza. Tulirudia mara nane. Ya nane ilikuwa safi, ila mama aliingia kabla haijaisha. Kumbukumbu ya ile mashine ilikuwa ndogo mno, na kwa kawaida dada alikata mikia ya sampuli zake kama fundi cherehani anavyokata nyuzi. Huo hakuukata. Nilimuuliza kwa nini anapoteza nafasi bure. Akasema acha, na mama naye awemo.

Mhifadhi alibonyeza kitufe.

Kifuniko kililia, ting, kikavuma, kikaanza kufifia. Watu waliinamia mbele. Halafu, kutoka kwenye televisheni ile ya tumbo kubwa, kwa sauti ya kukwaruza lakini kila neno likisikika, mama yetu akauliza:

"Nyie wasichana! Kifuniko changu kiko wapi?"

Na wasichana wawili wakaangua kicheko, kikakatika.

Mama alikuwa kaburini miaka sita. Hatukuwa na sauti yake popote, hata kwenye simu. Tulikuwa tumeitafuta mimi na dada, tukakata tamaa. Nililia, sioni aibu kusema. Lakini hata katikati ya machozi hasira haikuondoka, iliongezeka, kwa sababu mtu huyu alikuwa amekaa naye mama yangu miaka yote sita, amempa jina la Chuma, na hakumsikiliza mpaka mwisho hata mara moja.

"Rudia," alisema fundi wa simu.

"Usirudie," nikasema mimi. "Mwenyewe hajasikia."

Mhifadhi aliondoka kwenye kipaza sauti. Akachukua kalamu na daftari lake la orodha, akaja mpaka nilipokuwa.

"Nitaandika, mama. Leo hii. Nipe jina lake kamili, na mwaka aliofariki."

"Aliofariki nani?"

"Mtunzi. Dada yako."

"Yuko kazini," nikamwambia. "Zamu yake inaisha saa kumi na moja. Msizime hiyo mashine."

Hospitali iko mitaa miwili nyuma ya lile duka. Nilikwenda mbio, marinda nimeyakusanya mkononi, na katika mbio zile nilitambua kwamba kosa na malipo yake niliyopanga kumwambia kwa mpigo, malipo sikuwa nayo. Nilibaki na kosa tu.

Kitengo cha kufulia kipo nyuma, karibu na matangi ya maji. Mvuke hutoka madirishani mchana kutwa. Dada alikuwa amesimama kwenye meza ndefu anahesabu mashuka yaliyotoka kupigwa pasi, amevaa aproni na mabuti ya mpira, na aliponiona aliinua kile kidole chake cha siku zote ili nisimpotezee hesabu. Nikasubiri. Alipofika mwisho wa rundo akanitazama gauni, juu mpaka chini.

"Nani kaolewa?"

"Dada, disketi zako hazikuliwa na mchwa."

Nikamwambia kila kitu, nimesimama kwenye sakafu ile iliyolowa: sanduku, miwani, namba ya simu, uongo, ukumbi, wimbo. Nilipofika kwenye kifuniko cha sufuria alikaa juu ya toroli la mashuka.

"Mama yumo bado?"

"Yumo. Anasikika kabisa."

Aliinamisha kichwa. Wafanyakazi wenzake walikuwa wameacha kukunja mashuka, ingawa mashine ziliendelea kuzunguka.

"Na mistari yangu?"

"Ameifuta."

"Mingapi?"

"Yote."

"Sasa huko mbele za watu alikuwa akiniitaje?"

"Hajulikani," nikasema. "Anasema mkono ni wa kiume. Alidhani umekufa."

Dada yangu alisimama, akafungua kamba za aproni. Aliikunja mara mbili, mara nne, mara nane, akiisawazisha kingo kwa kiganja, na akaiweka juu ya mashuka. Nimemjua mtu huyu kwa karibu miaka hamsini. Nimemwona akifiwa, akipunjwa, akitukanwa na wauguzi vijana kwa sababu ya foronya. Sikuwahi kuona shingo yake ikivimba namna ile.

"Yuko wapi huyo mtu?"

"Juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Lakini dada, na mimi pia nili—"

"Wewe nitakushughulikia nyumbani," alisema. "Yeye kwanza."

Alitangulia. Hakubadili mabuti. Nilimfuata nimebeba mkoba wake, na njia nzima hakugeuka kuangalia kama nipo. Kwenye ngazi za ghorofa mabuti yalilia kila hatua, na nadhani walitusikia tunavyopanda, kwa sababu tulipoingia wote walikuwa wamesimama. Hakuna aliyekuwa ameondoka.

Mhifadhi alikuja mbele na mikono yote miwili.

"Karibu sana, mama. Ni heshima kubwa kwetu, na ninaomba—"

Dada alimpita. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kibodi bila kuomba ruhusa. Aliitazama orodha kwenye kioo, na ukutani sote tukaitazama pamoja naye. Akanyoosha kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Hii ni ya nani?"

"Ni alama yangu tu," alisema Mhifadhi. "Ya mkusanyo."

Dada akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, akakiacha hapo mpaka mstari ukawa mtupu. Kisha akashuka wa pili, wa tatu, wa nne. NGOMA ikaondoka, BESI ikaondoka. Alikwenda bila haraka mpaka wa thelathini na moja.

"Mama," Mhifadhi akasema kwa sauti ya chini, "kama unayakumbuka yale ya zamani, tunaweza kuyarudisha. Mimi nitakusaidia kwa moyo wangu wote."

"Siyakumbuki. Nilikuwa na miaka ishirini na minne." Alikuwa akikunja mikono ya blauzi yake. "Nina mengine."

Akarudi mstari wa kwanza na kuanza kupiga, uso juu, vidole vikienda vyenyewe. Aliandika jina lake, akaandika la baba, akaanza la babu. Mstari mmoja wa treka unapokea herufi ishirini na mbili, na katikati ya jina la babu mashine ikagoma.

"Hapo watu wengi hufupisha," alisema Mhifadhi.

Dada akashuka mstari wa pili, akalimalizia.